Jibu: Mbao za kompositi kwa apatimenti za Kigamboni

Mkuu, umeuliza kama mbao za kompositi za sakafu zitakupunguzia kero ya kupaka vanishi kila mara kwenye roshani na pembeni ya bwawa. Zitakupunguzia. Ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, mara nyingi ya kurejelezwa, kwa hiyo mchwa hawazishobokei na kazi inayobaki ni sabuni, maji na brashi.

Ila omba kipande ukikague pale kilipokatwa. Chukua zile zenye ganda la plastiki kuzunguka ubao. Zisizo na ganda hupauka haraka na mafuta ya chipsi yakimwagika doa halitoki. Rangi nyeusi achana nayo kabisa, saa nane mchana mtoto hakanyagi pekupeku.

Mafundi wengi huharibu hapa: wanabana mbao kichwa kwa kichwa. Jua likiwaka zinatanuka kwa urefu, zinabinuka. Waache nafasi ambayo mtengenezaji ameandika, na maboriti ya chini yasizidi umbali aliotaja, la sivyo sakafu itabonyea. Kwa chumvi ya bahari hapo, skrubu ziwe za chuma cha pua daraja la 316.

Kuhusu mazingira, wauzaji wanatia chumvi kidogo. Plastiki ikishaungana na mbao, kuirejeleza tena ni shughuli.

Halafu moto: zinaungua. Uingereza, baada ya jengo la makazi la Grenfell, London, kuteketea mwaka 2017, ilipiga marufuku vifaa vinavyoungua kwenye kuta za nje na roshani za majengo ya makazi yanayozidi mita 18 kwenda juu. Bwawani weka, ghorofani mimi ningetandika vigae.