Re: Polisi mstaafu na bastola New York

Mkuu, umeuliza kama baba mkwe wako, polisi mstaafu wa Texas, anaweza kuja kuwatembelea New York na bastola chini ya koti. Anaweza. Sheria ya shirikisho ya 2004, LEOSA, inamruhusu kuibeba kwa kificho jimbo lolote, mradi alitumikia jumla ya miaka 10 na aliondoka kazini vizuri.

Wengi hukwama kwenye makaratasi: kitambulisho chenye picha kutoka idara yake, pamoja na uthibitisho kwamba amefaulu jaribio la shabaha ndani ya miezi 12 iliyopita, tena kwa pesa yake. Aliye kazini hutembea na kitambulisho cha kazi tu. Bia? Akilewa, ruhusa hiyo haimlindi. Na majengo ya serikali yana masharti yake.