Jibu refu: Wafini wa zamani, shoka langoni na kufuli la kumfunga dubu mdomo

Mkuu, swali lako nalirudia kwa kifupi ili wanaoingia sasa wasipotee. Umeuliza kama ni kweli Wafini wa zamani walifanya uganga kwa shoka, kufuli na matawi ya kuogea, na kama ni kweli, kwa nini watumie vitu vya ndani badala ya hirizi. Nimekaa miaka sita mashariki mwa Ufini, upande wa Joensuu, nikifanya kazi ya kutunza wazee. Ni kweli kabisa, na jibu la "kwa nini" ndilo lililonifanya niyapende mambo haya.

Anza na neno moja: väki. Kwa Kifini cha kila siku maana yake ni watu, umati. Lakini neno hilohilo ni nguvu. Chuma kina väki yake, moto una yake, maji, msitu, makaburi, kila kimoja na yake. Kwa hiyo kisu cha kumenyea viazi hakikuwa chuma kitupu, kilikuwa na jeshi ndani yake. Ukishaelewa hapo, hutauliza tena hirizi iko wapi. Nyumba nzima ilikuwa imejaa nguvu, kazi ilikuwa ni kujua uchukue kipi, saa ngapi, ukiweke wapi.

Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alinisimulia mama yake alivyokuwa akiwatoa ng'ombe nje. Elewa kwanza hali ya kule: theluji inakaa miezi, ng'ombe wanafungiwa zizini majira yote ya baridi, halafu masika wanaachiwa kwenda kulisha msituni ambako kuna dubu na mbwa mwitu. Familia inaishi kwa maziwa. Siku hiyo moja inaamua mtakula nini mwaka mzima. Mama yake aliweka shoka chini langoni, kila ng'ombe akalivuka. Kwingine waliweka mundu. Wengine walichukua kufuli, wakalifungua, mifugo ikapita, kisha wakalifunga: hapo mdomo wa dubu umefungwa mpaka ng'ombe warudi. Kisha kundi linazungukwa mara tatu kwa moto na chuma. Na kuna jambo alilonieleza kwa sauti ya chini, kwamba mahali pengine mama mwenye nyumba alipanda juu ya lango akatanua miguu, ng'ombe wakapita chini yake, kwa sababu mwili wa mwanamke nao una väki, tena kali. Nimelikuta jambo hilo baadaye katika maandishi ya watafiti wao, kwa hiyo bibi hakuwa akinipa hadithi za kunifurahisha.

Mtoto mchanga ambaye hajabatizwa aliwekewa kisu au mkasi kitandani, ili viumbe wa chini ya ardhi wasimbadilishe na mtoto wao.

Sasa, chombo peke yake hakitoshi, lazima pawe na maneno. Mganga wao aliitwa tietäjä, yaani "ajuaye", na anachokijua ni asili ya vitu. Shoka limekukata mguu, damu haikomi? Tietäjä anakisimulia chuma kilivyozaliwa: kilitoka katika maziwa ya mabinti, meusi yakawa chuma laini, meupe yakawa chuma cha pua, mekundu yakawa chuma kinachovunjika kirahisi. Kisha anakiaibisha: hukuwa mkubwa ulipokuwa maziwa, leo unamkata ndugu yako? Ukijua mtu alikotoka humwogopi, na chuma ni hivyohivyo. Ndiyo maana katika Kalevala, utenzi mkuu wa Wafini, shujaa mzee Väinämöinen, akiwa amejikata goti kwa shoka, hawezi kuponywa mpaka asili ya chuma isemwe. Elias Lönnrot aliyeikusanya Kalevala na kuichapa mara ya kwanza 1835 alikuwa daktari, na tasnifu yake ya udaktari ya 1832 ilihusu uganga huu wa Wafini. Msomi wa hospitali aliona yanafaa kuandikwa, nasi tusiyadharau.

Kuna aliyejibu hapo juu kwamba huo wote ni ushetani. Ndugu yangu, naheshimu imani yako, lakini hapo sikubaliani nawe. Ufini ni nchi ya Kilutheri tangu karne ya 16, na bado maneno ya waganga hao yamejaa jina la Bikira Maria, wakimwita aje na manyoya ya kupaka dawa, aje atulize maumivu. Waliokuwa wakiyasema walikwenda kanisani Jumapili. Sisi wa pwani tuliokunywa kombe utotoni hatuna haja ya kushangaa dua na dawa kukaa kikombe kimoja.

Upande mzito upo, sitauficha. Vitu vilivyomgusa maiti vilikuwa na väki ya makaburi: sindano iliyoshona sanda, sabuni iliyomwosha, udongo wa kaburini. Sabuni ileile iliweza kutibu uvimbe mkononi mwa mmoja na kumdhuru jirani mkononi mwa mwingine. Na chini ya sakafu za makanisa kadhaa ya mashariki, Kuopio mojawapo, vimepatikana vijeneza vidogo vya mbao vyenye chura ndani. Jeneza lenyewe unalifumbata kiganjani. Mtu aliketi akalichonga kwa uangalifu kama la binadamu, akalipenyeza kanisani bila kuonekana. Nikiwaza mikono ile, nasikia hofu yake na pia uchungu uliomfikisha hapo.

Umeuliza pia kama kuna kilichobaki. Kipo, ila wengi wanakifanya kama desturi. Usiku wa mwaka mpya wanayeyusha kipande cha bati chenye umbo la kiatu cha farasi kwenye kijiko kirefu, wanakimwaga ndani ya ndoo ya maji baridi, kisha wanatazama kivuli cha kile kilichoganda kwa mwanga wa mshumaa ili kusoma mwaka unaokuja. Vile vya zamani vilikuwa na madini ya risasi, na mwaka 2018 sheria ya Umoja wa Ulaya ikazuia visiuzwe. Watu walisikitika kweli.

Sauna, kile chumba cha kuogea kwa joto na mvuke, ndiyo iliyobaki na heshima yake. Humo ndimo walimozaliwa wazee wao, na humo maiti walioshwa. Bibi yule alinifundisha kwamba ndani ya sauna mtu anakaa kama kanisani, hagombi wala hatukani. Sikukuu ya Juhannus, katikati ya kiangazi, msichana alirusha juu ya paa kile kifungu cha matawi ya mti uitwao koivu cha kujipigia mwilini wakati wa kuoga, na kitako chake kilikoelekea ndiko mume angetokea. Nilimuuliza cha kwake kilielekea wapi. Akanyoosha kidole dirishani, upande wa ziwa, akaniambia mumewe alikuja kwa mtumbwi.