Ginsengi inaotesha mishipa ya damu au inaizuia?

SWALI: Dokta shikamoo, mi nimechanganyikiwa, mmoja anasema ginsengi inaotesha mishipa mipya ya damu, mwingine anasema inaizuia, sasa nani muongo hapo?

JIBU: Marahaba. Hakuna muongo. Ginsengi ni mzizi wa dawa, una kemikali kibao zinaitwa ginsenosaidi na mbili kati yake zinavutana kabisa, Rg1 inazisukuma seli za ukuta wa ndani wa mshipa zitoe nitriki oksaidi (gesi inayolegeza mishipa), zigawanyike, mishipa midogo ichipue, halafu Rb1 inafanya kinyume chake. Utafiti wa 2004 ulionyesha kinachoamua ni uwiano wa hizo mbili. Ginsengi ya Marekani kwa kawaida ina Rb1 nyingi na Rg1 kidogo, na hata ukikamua kwa maji au kwa alkoholi mchanganyiko unabadilika, kwa hiyo neno "ginsengi" kwenye kopo peke yake halikwambii kitu (hapo ndo wauzaji wanapotuchezea). Kidonda kinataka mishipa mipya ili kipone, ila uvimbe wa saratani nao unaitaka ili ukue. Halafu kama unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ginsengi usiiguse kabla hujaongea na daktari wako, inaweza kuipunguza nguvu hiyo dawa.