Aya ya 9:5 na neno jihadi: visichanganywe

Muuliza swali ameleta aya ya 5 ya Sura At-Tawba (sura ya 9), ile ya "waueni washirikina", yaani wanaoabudu wengine pamoja na Mungu, akasema: mnatuambia jihadi ni juhudi tu, sasa hii ni nini?

Neno jihadi halimo katika aya hiyo. Qur'ani ina maneno mawili: qitali, yaani kupigana vita, na jihadi, yenye mzizi uleule tuliopatia juhudi na jitihada. Fungua 31:15. Wazazi wakikushikilia umshirikishe Mungu, usiwatii, lakini kaa nao kwa wema. Hapo palipotafsiriwa "wakikushikilia", Kiarabu chake ni jaahadaaka. Ni kitenzi cha jihadi, na wanaojitahidi ni wazazi washirikina! Kisha 25:52, iliyoteremka Makka kabla ya ruhusa ya kupigana: Mtume anaamrishwa apambane na makafiri kwa Qur'ani, "jihadi kubwa".

Ukirudi kwenye 9:5, anza aya ya 4, umalizie ya 6. Ya 4 inawatoa washirikina waliotimiza mkataba. Ya 6 inasema mshirikina akiomba hifadhi apewe, asikie maneno ya Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Wanaoisambaza ya 5 peke yake, wawe wachukia Uislamu au wenye silaha wanaojiita mujahidina, wanakata palepale.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, vina mlango wa jihadi, na humo inazungumzwa vita. Ukimficha mtu hilo, siku akikifungua kitabu ataona umemdanganya. Maulamaa walikhitilafiana juu ya sababu ya kupigana: walio wengi (madhehebu ya Hanafi, Maliki, Hanbali) wanasema ni uadui wa anayekupiga, wakishika 2:190, inayosema piganeni na wanaokupigeni; lakini Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yameenea mwambao wetu, katika moja ya kauli zake aliiona ni ukafiri wenyewe. Pamoja na hayo, kuwalenga wanawake na watoto kumekatazwa kwa hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili vya hadithi vinavyoaminiwa zaidi.

Pia acheni kutegemea ile hadithi ya "tumerudi kutoka jihadi ndogo kwenda jihadi kubwa", yaani kutoka vitani kwenda kupambana na nafsi. Isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu, mwanahadithi Bayhaqi mwenyewe aliyeipokea kasema hivyo, na mbishi mwenye elimu ataiangusha mara moja. Iko yenye nguvu zaidi: mtu alimwendea Mtume kuomba ruhusa ya jihadi, akaulizwa, "Wazazi wako wako hai?" Akajibu ndiyo. Akaambiwa basi ajitahidi kwao. Nayo imo katika Bukhari na Muslim.

Hadithi hii inagusa hasa vijana wetu. Kwa asili jihadi ya vita ni faradhi kifaya: wakitosha wachache, wengine hawadaiwi. Uamuzi wake ni wa kiongozi wa dola, na kijana haendi bila idhini ya wazazi. Ndiyo maana maneno ya kwanza ya anayeandikisha watu kwa siri huwa "leo imekuwa faradhi ain", yaani ya lazima kwa kila mtu, kama sala, ambayo huombi ruhusa ya mtu. Kwa neno hilo moja amewaondoa baba na mama, sheikh wa mtaa na dola. Kijana akishalisikia, amuulize: nani aliyetangaza, kwa mamlaka gani, na kwa nini nisimwambie mama?