Kabla hujauliza ekari ya choya inatoa kilo ngapi

Kila anayetaka kuanza kulima choya, ile rosela ya chai nyekundu, huniuliza swali lilelile: ekari moja inatoa kilo ngapi? Nami humrudishia swali: una vichanja vingapi vya kukaushia? Wengi hucheka wakidhani ninamkwepa mgeni asiijue siri ya biashara. Siri haipo. Huu ni msimu wangu wa saba huku Hombolo, Dodoma, na sijawahi kupoteza choya ikiwa shambani. Zote nilizopoteza zilikuwa zimeshavunwa.

Shambani mmea huu hauna makuu. Ni wa ukoo mmoja na bamia na pamba, una mzizi unaoshuka chini kutafuta maji, na kwa nchi kama yetu, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, hiyo ni sifa kubwa. Ndugu zetu wanaotoka Pwani huja na hesabu za vuli na masika. Waziache Morogoro. Huku msimu ni mmoja: mvua inaingia mwishoni mwa Novemba au Desemba, Februari mara nyingi inakata kwa wiki mbili au tatu, inarudi, halafu Aprili inaaga.

Jambo la shambani ambalo sitalipita haraka ni tarehe ya kupanda, kwa sababu lilinichukua misimu miwili kulielewa. Choya haihesabu siku kama mahindi. Inasubiri usiku urefuke ndipo itoe maua. Hapa tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na mchana wa Desemba unauzidi ule wa Juni kwa takriban dakika 40 tu. Mimi na wewe hatuoni tofauti, choya inaiona. Msimu wa pili nilikuwa na vipande viwili: kimoja nilipanda mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi vizuri, kingine katikati ya Februari, baada ya kuuguza mtoto. Nikajipa moyo kwamba hicho cha pili kitachelewa kidogo tu. Hakikuchelewa. Vyote viwili vilichanua karibu wakati mmoja, ila cha kwanza mashina yalinifika kifuani na matawi yametanuka, na cha pili yalinifika magotini, kila shina na maua manane au tisa. Mmea uliochelewa kupandwa haupewi muda wa ziada. Unachanua ulivyo, mfupi na maskini.

Kwa hiyo shamba liwe tayari kabla ya mvua. Na tafadhali, usiberege, yaani usipande bila kulima. Najua babu zetu waliberega uwele wakala wakashiba, lakini mzizi wa choya ukikuta ardhi ngumu unajikunja, na ikifika ile Februari ya ukame shina linalegea saa nne asubuhi. Lima, kisha piga matuta na uyafunge vizuizi katikati ili maji yatuame yasikimbilie korongoni. Mstari na mstari mimi huacha sentimita 90, shina na shina 60. Mbegu tatu kwa shimo, zikifika kiganja napunguza libaki shina moja. Yanayong'olewa usiyatupe: majani yake yana uchachu mzuri, yapike na karanga ule na ugali wa uwele. Samadi weka kiasi. Mwaka niliomwaga samadi yote ya zizi nilipata msitu wa majani na maua ya kuhesabu.

Wadudu ni wachache. Miche ikiwa midogo kuna vijidudu vinavyoruka kama viroboto, vinatoboa majani yakawa kama chujio. Ikivuka wiki nne za mwanzo mmea unavishinda wenyewe. Kangambili, wale wekundu wa kwenye pamba, huja mbegu zinapoanza kukomaa. Mimi hupita asubuhi na kopo la maji ya sabuni nikiwakung'utia humo. Usipande choya palipokuwa na bamia au nyanya mwaka uliopita, kwa sababu minyoo fundo ya udongoni inazipenda zote tatu. Ifuatishe kwenye mtama au uwele. Kuhusu sumu za dukani nina msimamo mmoja: maua haya mnywaji hayaoshi, anayatia kwenye maji ya moto na kunywa. Ukipuliza mmea umeshachanua, umepuliza kikombeni.

Sasa mavuno, na hapa ndipo wageni wanapoanza kupotea. Tunasema tunavuna maua, lakini ua lenyewe, lile jepesi lenye jicho jekundu katikati, linafunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Tunachovuna ni kile kikombe chekundu chenye nyama kinachobaki kimelikumbatia tunda la mbegu. Kipe wiki mbili hadi tatu tangu ua lianguke. Kikiwa tayari kinakatika kwa mkono na kutoa mlio. Ukiona unahitaji kisu, umechelewa, na ukipasua utakuta tunda la ndani limegeuka rangi ya kahawia. Hilo litapasuka likimwaga mbegu na vinyweleo ndani ya nyama, na chai yake inakwaruza koo. Vuna asubuhi umande ukishakauka, pita kila baada ya siku nne au tano, usisubiri shamba zima liwe jekundu upige picha.

Kisha kuna kutoa mbegu. Hakuna anayekuambia kuhusu kazi hii kabla hujaanza. Kila kikombe, kimojakimoja, kinashikwa na tunda linasukumwa litoke. Tunatumia kibomba chembamba cha bati kilichonolewa mdomo: unakiingiza kwenye kikonyo, unasukuma, tunda linatokea upande wa pili na kikombe kinabaki kizima. Wanawake wanne, kuanzia saa mbili hadi adhuhuri, hatuvuki ndoo nne za lita 20. Vidole vinageuka zambarau, vinyweleo vinawasha, na ole wako kama una mchubuko mkononi, kwa sababu uchachu ule ni kama ndimu. Vibarua wakija wakaiona kazi yenyewe, keshoye wanakuja nusu yao. Walipe kwa ndoo, wala usiwalipe kwa siku, na ukague ndoo: haraka inaacha vipande vya tunda ndani, na hivyo ndivyo huanza kuota ukungu.

Tumefika kwenye vichanja. Msimu wangu wa kwanza nilitandika turubai uani, nikamwaga choya kama ninavyoanika mtama. Tabaka nene. Jioni nikaizoa ikiwa bado na joto la jua, nikaitia kwenye magunia ilale ndani, asubuhi nikaianika tena. Ilikuwa mwisho wa Aprili, na mvua ya kuagia ikapita usiku mmoja, unyevu ukaingia hadi chumbani. Juu ilionekana kavu na nyekundu. Mnunuzi alipokuja hakutazama juu. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi kutoka katikati ya gunia, akainusa, akaniangalia, akafunga gunia taratibu. Magunia matatu. Nilikuwa nimeshamwahidi fundi bati.

Msimu uliofuata nilikausha vizuri, lakini bado chini. Mnaujua upepo wa Dodoma kuanzia Mei. Chai ilikuwa nzuri hadi ufike mwisho wa kikombe, ambapo kulikuwa na mchanga. Choya kavu haioshwi, kwa hiyo mchanga ulioingia umeingia.

Sasa ninatumia vichanja vya miti, urefu wa kiunoni, juu nimevuta wavu laini wa plastiki ili hewa ipite juu na chini, na paa la nyasi juu yake. Jua kali la moja kwa moja linapausha ile rangi, na mnunuzi ananunua rangi kabla ya kitu kingine. Tabaka moja, vikombe visipandane. Hugeuzwa asubuhi na jioni, kwa siku nne hadi saba kutegemea hali ya hewa. Kipimo changu ni kuvunja kikombe sehemu nene, pale karibu na kikonyo: kikikatika kwa mlio kimekauka, kikipinda kirudi wavuni. Iache ipoe kabisa kabla ya kufunga. Tumia mfuko wa nailoni ndani ya gunia, juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa kuwa choya hunyonya unyevu kama chumvi.

Haya, tupige hesabu ile niliyoanza nayo. Kilo 10 za vikombe vibichi vinakupa kilo 1 kavu, kwa makadirio. Kichanja changu kina mita mbili za mraba na kinabeba kilo 8 mbichi bila kupandana. Ukichuma kilo 80 leo, unahitaji vichanja 10. Ukichuma 80 kesho, unahitaji 10 vingine, kwa sababu vya leo havijaachia. Choya ikichukua siku tano kukauka, unahitaji vichanja 50 ndipo mzunguko ukamilike, na mwisho wa hapo una kilo 8 kavu kwa siku. Ndiyo maana ninasema anza na robo ekari. Mwaka unaojenga vichanja ndio mwaka wa kuongeza shamba.

Kuna jambo la mifugo pia. Wakati wewe bado unachuma, jirani ameshavuna mtama na uwele na ng'ombe wameachiwa mabua. Shamba lako ndilo la kijani pekee linaloonekana. Zungumza na wenye mifugo mapema, Machi au Aprili, mkiwa bado marafiki.

Kuhusu dawa. Utauza kwa watu wazima wenye presha, na watakuuliza. Choya inashusha presha kidogo, hilo si uvumi: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, watu 65 waligawanywa, na waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita namba yao ya juu ilishuka kwa kama 7, wenzao waliopewa kinywaji cha kufananishia ikashuka kwa kama 1. Kidogo, na watu wale hawakuwa wagonjwa mahututi. Mama mmoja aliwahi kuniambia kwa furaha kwamba ameacha vidonge vya kliniki tangu aanze choya yangu. Sikulala vizuri. Sasa ninamwambia kila mteja: vidonge usiache, na mwambie daktari kwamba unakunywa choya. Mjamzito ninamwambia aulize kliniki kwanza. Na hii ya kwamba inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu, mimi siisemi ng'o. Wekundu ule ni wa jamii ileile ya rangi iliyo kwenye zabibu zetu nyeusi. Chemsha kwenye sufuria ya chuma cha pua au chungu, kwani uchachu wake unaila alumini.

Tena, maneno ya kwenye pakiti yana sheria. Ukiuza kama chai, wewe ni mtu wa chakula na mwenye kukukagua ni TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019 masuala ya chakula yalipohamishiwa huko. Ukiandika "inatibu", umeingia kwenye eneo la Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mimi nimeandika "choya kavu" na uzito, basi. SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji na ufungashaji, nenda kabla hujachapisha lebo elfu.

Mbegu usinunue kila mwaka. Chagua mashina 20 hivi yenye vikombe vinene na vyekundu vilivyokolea, yafunge kitambaa cheupe kabla vibarua hawajaingia, la sivyo yatachumwa ya kwanza kwa uzuri wake. Yaache yakaukie shambani hadi tunda liwe la kahawia, lakini kata kabla halijapasuka. Mbegu zangu hukaa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyokauka vizuri, na jivu kidogo ndani. Moja inanitosha mimi, na inabaki ya kumgawia anayeniuliza ekari inatoa kilo ngapi, akishanionyesha vichanja.