Ripoti ya kemikali ya mwaka inaanzia stoo, sio kwenye kompyuta

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwenye ripoti kwamba kiwanda chetu kimepoteza karibu tani 24 za heksani, kimiminika cha kuyeyushia mafuta kinachoshika moto haraka, nikaituma nikiwa na amani kabisa, Jumamosi nikaenda zangu mnadani Msalato kula nyama. Sijamaliza hata sahani simu ikaita, mzee wa uzalishaji: "Dogo, tani 24 zimepotelea wapi, si tungeshalipuka wote?" Nyama ikaisha utamu hapohapo.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaoanza kazi ya mazingira viwandani, hasa huku kwetu Dodoma na Singida kwenye mafuta ya alizeti. Alizeti ikishakamuliwa, mashudu bado yana mafuta, sasa viwanda vikubwa vinayaosha kwa heksani ili kuyatoa yaliyobaki, halafu heksani inachemshwa, inapozwa, inarudi kwenye tenki kuzunguka tena. Inachemka kwenye nyuzi 69 tu, kwahiyo kila mahali penye upenyo inatoroka, na haina rangi wala moshi wa kukushtua. Kwetu mmoja wa wenye hisa anatoka Marekani, akataka namba zetu zikae kwa mtindo wa ripoti ya kisheria ya kwao inayoitwa TRI, yaani orodha ya kemikali za sumu zinazotoka viwandani, na kiukweli mtindo ule ndio ulionifundisha kazi.

Sheria yenyewe ilizaliwa kwa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 gesi ya sumu ilivuja kiwandani Bhopal, India, ikaua maelfu, mwaka uliofuata kukatokea uvujaji mwingine West Virginia hukohuko Marekani, watu wakauliza kwani jirani na nyumba yangu kuna nini? 1986 ikapitishwa sheria kwamba kiwanda kiseme kila mwaka kimetoa kemikali gani, kiasi gani, hewani, majini, ardhini au kwa kupeleka nje ya kiwanda, na namba ziwekwe wazi mwananchi yeyote azione. Ripoti ya mwaka uliopita inatakiwa ifike tarehe 1 Julai.

Sasa makosa yangu, na naona vijana wengi wanayarudia.

La kwanza, nilijumlisha invoisi. Gari tatu za lita 12,000, jumla lita 36,000, nikazidisha na 0.66, uzito wa lita moja, kupata kilo, basi, 23,760. Sikujua gari la tatu lilishusha tarehe 29 Desemba na mzigo wake karibu wote ulikuwa bado umekaa kwenye tenki unatuangalia. Hesabu inatakiwa iwe kilichokuwepo Januari mosi, jumlisha ulichonunua, toa kilichobaki Desemba 31. Mzee wetu wa stoo, ambaye sikuwahi hata kumuuliza, alikuwa na daftari lake la karatasi ngumu, kila mwisho wa mwezi ameandika dipu, kipimo cha kilichomo kwenye tenki: mwanzo wa mwaka lita 9,000, mwisho lita 17,000. Kwahiyo zilizotumika ni 28,000, sawa na kilo 18,480. Aliponiona nimesimama mlangoni akacheka, "mwanangu, wewe ulikuwa unahesabia juu huko, huku chini hukushuka."

La pili ndio baya zaidi. Heksani ya kiwandani sio kitu kimoja, ni mchanganyiko, na kwenye orodha ya wale iliyopo ni n-heksani peke yake. Nenda kwenye SDS, ile karatasi ya usalama inayokuja na mzigo, utaona asilimia. Ya kwetu ilikuwa 60, hivyo n-heksani ni kama kilo 11,000, chini ya nusu ya nilichoandika mimi! Na usichukue SDS ya mwaka juzi eti kwa sababu muuzaji ni yuleyule, shehena inaweza kubadilika.

Afu usiandike 11,088. Hiyo 88 umeitoa wapi wakati dipu yenyewe inacheza? Wenyewe Wamarekani wanashauri tarakimu mbili zenye maana zinatosha, andika 11,000 endelea na maisha. Wala sheria yao haikulazimishi kununua mashine ya kupimia hewa kwa ajili ya ripoti, unatumia vipimo ulivyonavyo, kama huna unakadiria kwa akili na unaonyesha umekadiriaje. Kwetu ni mizania: iliyoongezwa ndani ya mtambo ndio iliyopotea, unatoa inayotoka na mashudu na mafuta na maji machafu kwa vipimo vya maabara, inayobaki ndio imeenda hewani. Umwagikaji wa bahati mbaya nao unaingia humo, usiufiche, kuripoti sio kukiri kosa.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni kiwango cha kuanza kuripoti. Kinaangalia umetumia kiasi gani, hakiangalii umetoa kiasi gani. Ukitengeneza au kuichakata kemikali iingie kwenye bidhaa ni paundi 25,000, ukiitumia kwa namna nyingine, kama sisi tunavyooshea mashudu, ni paundi 10,000, yaani kama kilo 4,536. Ukipita hapo unaripoti hata kama hujamwaga tone. Na zile zinazoganda mwilini na kwenye mazingira miaka na miaka viwango vyake ni vidogo mno, risasi paundi 100, zebaki paundi 10. Kuna na sharti la wafanyakazi 10 wa kudumu, ila wanahesabu kwa saa, 20,000 kwa mwaka, na saa za vibarua wa msimu zimo, kwahiyo ile janja ya "sisi tuko wanane tu" wakati mwezi wa sita geti limejaa vibarua haipiti. Sabuni ya kudekia choo na oili ya gari la bosi hizo acha, zina msamaha.

Hapa nyumbani usichanganye mambo. Heksani kuingia kiwandani ni habari ya Mkemia Mkuu wa Serikali, sheria ya kemikali ya 2003, usajili na vibali. Ikishatoka kwa bomba, maji au taka ni NEMC, baraza la taifa la mazingira, na sheria ya mazingira ya 2004. Ofisi zote ziko humuhumu Dodoma, mafaili yako tofauti, ila namba ya lita ulizopokea iwe ileile kote, maana mkaguzi akikuta kibali kinasema hivi na ripoti yako inasema vile hutakuwa na maelezo. Mimi nakaa na makaratasi miaka mitatu kama TRI inavyotaka, na zaidi.

Na dipu pimeni asubuhi jamani. Jua la Dodoma la mwezi wa kumi likishapiga tenki, heksani inatanuka, tofauti ya nyuzi 15 ni karibu asilimia 2, kwenye lita 20,000 hizo ni lita 400 ambazo hazipo. Mwezi mmoja tulipima saa nane mchana, mwezi uliofuata saa moja asubuhi, tukakesha tunatafuta wapi panavuja. Hapakuvuja popote.

Ila mwaka wangu wa tatu palivuja kweli, na daftari ndilo lililosema. Matumizi kwa tani ya mashudu yalipanda miezi miwili mfululizo, mafundi wanasema kila kitu kiko sawa, huku kijana mmoja wa zamu ya usiku analalamika vidole vya miguu vina ganzi, na n-heksani ukiivuta muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu hivyohivyo, inaanzia miguuni na mikononi. Ilikuwa gasketi ya kondensa, ile inayopoza mvuke wa heksani, imekatika upande wa ukutani ambako hakuna anayepita. Kijana akahamishiwa geti na kupelekwa hospitali. Siku hizi mzee wa stoo ananitumia picha ya dipu WhatsApp kila tarehe mosi saa moja asubuhi, akichelewa nashuka mwenyewe.