Fokker ya karatasi: anza na mwili, rangi baadaye

Vijana wanaoziona ndege zangu za karatasi huniuliza kwanza rangi nazipata wapi. Mimi huwarudisha kwenye penseli, rula na bikari. Ndege hutengenea au huharibika kwenye mchoro, wembe haujagusa karatasi bado, na mchoro wa mkono unamtosha kabisa mtu mwenye subira. Kompyuta si lazima.

Chagua kwanza ndege. Hapa kwetu wengi wanataka ndege za East African Airways, shirika lililoanzishwa 1946 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likafa 1977. Na wengi wanataka Dakota, kwa sababu ndiyo wanayoisikia kwa wazee. Dakota ni ndege nzuri, lakini si ya kuanzia. Bawa lake liko chini, na pale linapokutana na mwili pamejaa mikunjo inayopinda pande mbili kwa pamoja. Karatasi haikubali kupinda hivyo. Anza na Fokker F27 Friendship, iliyoruka mara ya kwanza 1955. Bawa lake linakaa juu ya mwili, kwa hiyo unalikata zima, kutoka ncha hadi ncha, na kulibandika mara moja.

Skeli yangu ni 1:100. Mita moja ya ndege ni sentimita moja ya karatasi, huhitaji kikokotoo. Bawa la F27 ni mita 29, na karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Linaingia.

Tafuta mchoro au picha iliyopigwa ubavuni kabisa, kutoka mbali. Picha ya karibu hukuza pua na kuupunguza mkia. Urefu wa ndege unaujua, ni kama mita 23.5, basi pima urefu huo kwenye picha, na vipimo vingine vyote utavipata kwa uwiano.

Sasa mwili. Sehemu ya kati ni bomba tu. Mwili wenye kipenyo cha sentimita 2.7 unataka karatasi yenye upana wa sentimita 8.5 (2.7 mara 3.14). Usiongeze ulimi wa gundi wa kupandishwa juu ya ngozi ya nje, kwani utaacha mstari unaoonekana hata chini ya rangi. Bandika utepe kwa ndani, kingo zikutane uso kwa uso.

Pale mwili unapoanza kupungua unahitaji koni iliyokatwa kichwa. Tuseme kipenyo kinatoka sentimita 2.7 hadi 1.7, na urefu wa ubavu wake ni sentimita 3. Zidisha 2.7 kwa 3, gawanya kwa tofauti ya vipenyo, ambayo ni 1. Unapata 8.1. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tao la nje. Toa 3, unapata 5.1 ya tao la ndani. Chora matao hayo kwa bikari kutoka kitovu kimoja, fungua pembe ya nyuzi 60, kata. Ukiikunja, kingo zinakutana sawasawa. Mtoto wa skuli akiiona hesabu hii ikisimama mezani, haisahau.

Mkia ndio unaochosha, maana tumbo linapanda kuliko mgongo unavyoshuka, na koni ya kawaida haifai. Mimi hukata mkia kwenye mchoro vipande vya sentimita mbili mbili, nikachora duara la kila mkato na kuligawa sehemu 12. Kisha natafuta urefu wa kweli kati ya kila nukta na mwenzake wa duara linalofuata. Urefu unaouona kwenye mchoro wa ubavu si wa kweli, kwa sababu mstari huo pia unaingia ndani kuelekea katikati ya mwili. Hapo Pithagorasi anafanya kazi. Ni kazi ya jioni kadhaa, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote.

Jaribu kila kipande kwa karatasi ya daftari kabla ya kugusa manila. Manila nayo ina uelekeo wa nyuzinyuzi zake: ipinde taratibu huku na huku, upande unaokubali bila kubisha ndio wa kuzungushia mwili. Ukilazimisha ule mwingine, itavunjika mistari. Ndani weka pete za boksi gumu kila panapoungana vipande, na zipunguze kipenyo kwa nusu milimita ili ngozi isitanuke.

Injini usizifanye kwa haraka. Marehemu ami yangu, aliyekuwa akipakia mizigo uwanjani, aliniwekea kidole kwenye picha: "Tazama vyema, mwanangu. Magurudumu hayatoki tumboni, yanashuka kutoka huku kwenye injini." Ndivyo ilivyo kwa F27: miguu mirefu chini ya mabawa, na ukiifupisha ndege nzima inapoteza sura yake. Ukiwa na mzee aliyezipanda au kuzihudumia, kaa naye na picha mkononi.

Ukija kwenye Comet 4, ambayo East African waliipokea 1960, angalia madirisha. Comet za mwanzo zilikuwa na madirisha ya pembe nne, na baada ya ajali za 1954 ikagundulika metali ya mwili ilikuwa ikichoka na kupasuka. Comet 4 ina madirisha yaliyoviringwa. Usichanganye.

Jambo la mwisho ni unyevu wetu. Wakati wa masika usigundishe bawa refu. Manila hunywa maji ya hewani na bawa likikauka linajipinda. Subiri siku za jua, gundi nyeupe ipake kidogo mno, na ndege ikikamilika ipake vanishi tabaka mbili nyembamba, ndani ya mkia pia kabla hujaufunga.